Bikoni

Mchana napima viwanja Nzuguni,
nachimbia bikoni katikati ya miiba.
Barabara ya mita kumi na tano
inakatiza vichuguu, haina mpitaji.
Ndivyo mji huu ulivyoanza, kwenye karatasi;
watu wakaja baadaye na vigoda vyao.

Usiku naandika riwaya.
Mwaka wa sita huu. Nina sayari yenye miezi miwili,
kalenda ya siku mia nne na tisa,
sarufi ya lugha yao, kurasa thelathini,
na sheria moja iliyobeba vyote:
jua likizama, kila raia
hukabidhi ghalani kumbukumbu moja,
asubuhi huchukua ya mwenzake.
Swali langu lilikuwa kubwa, nililipenda:
ukishakumbuka ya watu wote, wewe ni nani?
Nikaliuliza kwa michoro, kwa majedwali.
Hakujibu mtu. Hapakuwa na mtu.
Palikuwa na raia,
neno lisilojali kama ni mmoja au elfu.

Juzi dirishani kwetu akasimama Sechelela Ndahani,
vumbi hadi magotini,
hati ameihifadhi kwenye mfuko wa chumvi.
"Jina langu mmelikosea, na barabara yenu
imepita jikoni kwangu. Mnaanza kusahihisha lipi?"

Sikuwa na jibu.
Usiku ule nikampeleka kwenye sayari.

Miezi hakuitazama. Aliuliza maji yanachimbwa wapi,
na kwa nini mto wangu unapanda kilima.
Miaka sita, sikuwa nimeona!
Jioni mlinzi wa ghala akanyoosha mkono.
Akampa harufu ya mvua ya kwanza, upesi, kama chenji.
Kesho yake, sura ya mwalimu wake.
Kesho kutwa akadaiwa
deni la Mheluka: debe la uwele
lililokopwa mwaka wa njaa, halijarudi.
"Hilo silitoi."
"Ni debe tu, mama."
"Nikilisahau, Mheluka atanisalimia kama mgeni."

Nikaweka kalamu chini.
Sheria yangu ilikuwa imepata uzito;
mlango hujulikana umefungwa
pale anapousukuma mtu.

Lakini nisiseme uongo. Nilijaribu pia kumwandika peke yake,
bila sayari, bila ghala.
Aliketi kwenye ukurasa mtupu,
akapepeta uwele usiokuwapo,
akasema maneno mazuri yasiyomgharimu kitu.
Bila cha kukataa, alikuwa mpole tu.

Sarufi nimeifuta, zimebaki kurasa mbili.
Mto nimeushusha bondeni.
Kwenye ramani ya ghala pana doa jeupe
ukubwa wa mdomo wa debe,
na sijui riwaya inaishaje.
Hilo halijawahi kunipata.

Jumatatu nilirudi Nzuguni na kamba na nyundo.
Ramani imeshasainiwa, alisema mkuu wangu, usibishane naye.
Sikubishana.
Nilikuta mlenda unachemka.
Mawe mawili ameokota korongoni;
bikoni yetu ameifanya figa la tatu.