Waraka wa Twiga na Mashuka

Katibu, nakwandikia,
swali nimelisikia,
jibu nimelifikia,
niko Malindi, Maweni.

Wauliza kwa adabu,
redioni, taratibu:
"Michezo ina hesabu,
au ni pesa majini?"

Tena wasema mvuto,
nguvu isiyo kikoto,
ivukayo kila mto
na kuingia moyoni.

Neno hilo si la leo,
halikuja kwa video;
zamani, kabla ya vyeo,
tulijua Malindini.

Mwenye mji huu wetu
hakupeleka mitutu
wala majeshi ya watu
kwenda mbali Uchinani.

Alimpeleka twiga,
shingo juu, akiaga,
ngoma watu wakipiga,
akashushwa bandarini.

Huko wakamshangaa,
mji wote ukajaa,
mchoraji akakaa
kumchora haririni.

Mnyama mmoja yule
katufanya hadi kule
tutajwe miaka tele,
hata leo vitabuni.

Ila jambo lanichoma:
nani, usiku mzima,
alimlisha mnyama
majani mle chomboni?

Alikuwa na mamaye,
pengine hata nduguye;
hatujui baadaye
kama aliona pwani.

Sasa tuje mwaka jana,
mashindano ya vijana,
mataifa kukutana,
kukimbia ufuoni.

Mlipaka mawe rangi,
mkazungusha vigingi,
mkawafukuza wengi
wauza njugu njiani.

Fataki mkazirusha,
mbuzi wetu zikatisha,
kwa dakika zikaisha,
kabaki moshi hewani.

Mwandishi wa Msumbiji,
Atija, mwana wa mji,
akaugua kwa maji:
homa kali, kitandani.

Kadzo, jirani wa nyuma,
uji moto wa mtama,
siku tatu hakukoma
kumtilia kinywani.

Pesa alizikataa,
akasema, "Una njaa?
Mgonjwa siye bidhaa,
sichumi kwake mgeni."

Atija alipopona
aliandika kwa kina;
fataki hakuziona,
jukwaa hakubaini.

Aliandika ya uji,
kijiko, kanga na maji,
na watu wa Msumbiji
wakaja mwezi wa Juni.

Ndio mvuto, Katibu:
si zulia la dhahabu,
hupikwa kwa taratibu
jikoni, sufuriani.

Nasaha yangu ni hii:
michezo siichukii,
ije tena, sizuii,
ila anzeni bombani.

Maweni maji hukoma
siku tatu kila juma;
mtaro, mbu wavuma,
waimba masikioni.

Muuza njugu arudi,
naye apachikwe kadi,
ndiye balozi wa jadi
ingawa yuko juani.

Mkihesabu faida,
vyumba, tikiti na ada,
ngojeni upite muda,
muulize mitaani:

nani kaezeka paa,
nani kanunua taa,
nani yungali na njaa
ngoma zikiisha pwani?

Ukitaka kunijua,
mimi niliyezifua
shuka mia za maua
za wageni hotelini.

Jina ni Dama Kahindi,
dobi wa hapa Malindi,
sina cheo wala kundi,
nina deni la sabuni.

Shuka nimezianika,
nikakunja, zikafika;
leo umepita mwaka,
sijalipwa hata peni.

Ukituma twiga tena
nje, ng'ambo, mbali sana,
kwanza mwandike kwa jina
mwenye kubeba majani.

Hapa naishia. Wingu
limefunga juu yangu;
nguo za watu, si zangu,
zingali juu kambani.