Matundu Manne

Ofisi iko Magomeni, ghorofa ya pili,
juu ya duka la magodoro.
Mlangoni wameandika kwa kalamu nzito:
MSAADA WA KISHERIA NI BURE. SUBIRI UITWE.

Kuitwa ndiko kulikonimaliza.
Usiku ule daktari alitoka, glavu bado mkononi,
akasema, "Kondo halikutoka."
Nikaitika, "Naam, nipo."
Ndilo jina langu. Kondo, fundi cherehani wa Manzese.
Akanitazama. "La nyuma," akasema.
"Kondo la nyuma."
Mwajabu alikuwa akivuja tangu saa nane.
Wakati huo adhana ya alfajiri ilishapita.

Wakili Tumpale alisema pole mara moja tu,
kisha akafungua kalamu.
Alijifungua saa ngapi? Nani alikuwepo?
Sindano ulitumwa kununua duka gani? Risiti ipo?
Nimekuja na machozi, mwenzangu anataka saa.
Nikampa saa.
Nane na dakika kumi, mtoto alilia.
Tisa, nesi alisema usitusumbue, kila mzazi hutoka damu.
Kumi, niligonga kioo.
Kumi na nusu, niligonga kioo.
Risiti ipo. Imefifia, lakini ukiielekeza dirishani
inasomeka.

"Marehemu hana mdomo mahakamani
mpaka apate msimamizi," akasema.
"Lete muhtasari wa kikao cha ukoo."

Tulikaa baada ya arobaini.
Ba'mkubwa Pazi hata mgongo hakuegemeza:
"Mnataka kula hela ya maiti?
Kazi ya Mungu haina makosa."
Wote tukatazama mkeka.
Mama mkwe, Bi Chausiku, alikuwa pembeni
akimnywesha mjukuu kwa kijiko.
"Haina," akasema, hakuinua uso.
"Lakini zamu ya usiku ilikuwa ya nani?"

Pazi aliweka dole gumba.
Wino ulikaa kidoleni siku nne,
na msikitini alikwenda nao.

Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili, mhusika yuko likizo.
Ya tatu ndipo tuliruhusiwa kulitazama jalada
mezani kwao, karani amesimama juu yetu
kama tumekuja kuiba.
Wakili alisoma. Mimi si msomi.
Nilipapasa ukingo wa karatasi
nipapasavyo suruali ya mtumba
kujua ilipunguzwa wapi.

Pini ina miguu miwili.
Karatasi zilikuwa na matundu manne.

"Hapa pamefumuliwa," nikasema,
"pakashonwa upya."
Tumpale akarudi nyuma kurasa mbili, akaja mbele.
Baada ya saa nane ilifuata saa kumi na mbili.
Katikati hapakuwa na usiku.
Karani akakumbuka ana simu ya kupiga.

Sasa tunaandika notisi. Serikali hupewa siku tisini.
Tisini ni nyingi; mtoto atakuwa ameota meno.
Kuna sehemu imeandikwa: Unadai nini?
Nikavua tepu shingoni, nikapima:
sentimita nne kwa kumi na sita.

Nikaandika: ukurasa.

Wakili akausoma, akakaa kidogo.
"Fidia tutaiweka mstari wa chini," akasema.
"Hili usilifute."