Tui

Alizaliwa saa kumi alfajiri, Kunduchi,
vumbi la saruji la Wazo likiwa limelala juu ya mabati,
na mimi, viwiko ndani ya damu na nyasi,
nikadhani kurunzi inanidanganya.
Hina ni dhahabu. Sarafu ni dhahabu.
Kitoto kikasimama kwa miguu ya kuazima,
cheupe kama tui la kwanza, pua ya waridi,
na macho!
Macho ya buluu, kama chupa ya dawa ya zamani.

Bwana Merali hakushuka hata garini.
"Dume la nani limeruka ua?"
Nikacheka kimoyomoyo, kisha nikaacha,
maana swali hilo nilikwisha kuliuliza mimi,
miaka mitatu iliyopita, chumbani Mtongani,
mbele ya Mwanvua na mtoto wa siku saba.

Kondo alifumbua macho ya kijivu.
Yangu na ya mama yake, mbegu za mstafeli.
Majirani wakasema, kwa upole wenye sumu,
kitanda hakizai haramu,
nami nikaitafuna methali ile hadi ikawa mfupa.
Mwanvua hakubishana.
Alimbeba kwa kanga moja, akafunga vitu kwa nyingine,
akapanda basi la Handeni.

Saa nne akaja Daktari Aikande.
Akampima Tui mapigo, akamkagua ulimi,
kisha akaomba chai ya rangi, vikombe vitatu, na maziwa.
"Huyu ni farasi mwekundu," akagusa cha kwanza.
Cha pili akakitia kijiko kimoja, kikawa dhahabu.
"Huyu ni Hina. Ni Sarafu pia.
Kila mmoja ana kijiko kimoja tu,
na kila akizaa anarusha shilingi:
akitoe, au abaki nacho."
Cha tatu akakitia viwili. Chai ikapotea.
"Mara moja katika nne, wote wawili hutoa,
na macho nayo hupauka.
Hakuna dume lililoruka chochote."
Bwana Merali akashuka,
akanywa kikombe cha pili bila kukaribishwa.

Nikauliza: "Na kama wazazi wote ni chai kavu?"
Akanitazama. Hakuuliza wazazi gani.
"Kuna kinachoonekana nusu," akasema,
"na kuna kinachonyamaza toka bibi hadi kitukuu,
kikingoja mwenzake."

Usiku nikafungua bahasha ya kitambulisho cha bibi yangu.
Picha nyeusi na nyeupe, pembe zimeliwa na mende.
Macho yake yametoka mepesi, kama maji ya mchele.
Siku zote nililaumu taa ya mpiga picha.

Nimempigia Mwanvua mara tatu.
Ya nne, mtu mdogo akapokea, akapumua tu,
kisha: "Nani?"
Jina langu likanikwama kama punje ya hindi.
Nikasema huku kuna farasi, mtoto,
ana macho ambayo hata baba yake hakuyajua.
"Anauma?"
Hapana, nikasema. Hana meno bado.
Akaniambia subiri,
akaenda kumwita mama yake, au akaenda kucheza.

Ninasubiri. Salio linakatika.
Zizini Tui ananyonya kwa kelele, hajali.
Kesho jua litamchoma pua,
nimemwekea mafuta juu ya dirisha.