Mafaili Sitini na Mawili

Nilikuja Bryn Celyn na swali moja kubwa,
nimelikunja mfukoni kama noti ya akiba:
kwa nini chumvi hii nyeupe, lithiamu,
humshusha mtu aliyekuwa akikimbia juu ya mapaa
na kumwinua aliyelala sakafuni siku tisa?
Nilitaka utafiti. Nilitaka jina langu
juu ya jedwali, limewekewa kinyota.

Daktari Non Prydderch akanisogezea sanduku.
"Hesabu," akasema. "Nani kapimwa damu
ndani ya miezi sita, figo na tezi ya shingo. Basi."
Basi?
"Huu si utafiti," akasema, akimimina chai.
"Jibu tunalo tangu zamani, limebandikwa
nyuma ya mlango, hapo ulipotundika koti lako.
Wewe uliza tu kama tumelitenda."

Siku nne mvua ya Wales ilipiga dirisha bila kumeza mate.
Nikahesabu kwa penseli,
kijiti kwa kijiti, kama mtoto wa darasa la kwanza.
Sitini na wawili wanameza dawa.
Arobaini na mmoja wamepimwa.
Waliobaki nilitaka kuwaandika kwa tarakimu,
mkono ukaniandikia majina:
Mair Eluned, anayefuma soksi za wajukuu asio nao.
Gethin wa posta.
Nest na Lowri, dada wawili wa duka la mikate.
Na Ieuan Tudwal, aliyepasua mawe ya kuezekea
miaka thelathini, na sasa mkono wake
hutikisa kikombe mpaka kisahani kinaongea.
Damu yake ya mwisho: miezi kumi na tisa iliyopita.

Hakuna aliyefanya ubaya. Hilo ndilo lililoniuma.
Mmoja alihama, mwingine akastaafu,
barua ilirudi, kompyuta zikabadilishwa,
kila mtu alidhani mwenzake kapima.

Tulimwita Ieuan siku hiyohiyo.
Figo zilikuwa zimechoka, hazijafa.
Vidonge vya viungo alivyojinunulia dukani
tukavisimamisha. Tukabandika kadi ya manjano
kwenye kila faili; Carys wa mapokezi
akapewa simu na orodha na ruhusa ya kusumbua watu.
Baada ya miezi sita nikahesabu tena,
maana ukaguzi usiorudi kuangalia
ni kuchungulia tu.
Hamsini na wanane.
Sikushangilia. Wanne ni watu wanne.

Sasa Non ana utafiti wake, wa kweli:
je, dozi ndogo kwa wazee italinda figo
bila kuirudisha ile dhoruba kichwani?
Hajui. Hakuna ajuaye. Ndiyo maana
kuna kamati ya maadili, kurasa kumi na moja za ridhaa,
na kura itakayopigwa na mashine,
nani apate ndogo, nani abaki na ya kawaida.

Nilimpelekea Ieuan fomu. Akaisoma yote,
kidole kikitetemeka chini ya kila mstari.
"Naweza kukataa?"
Unaweza, na hutapungukiwa na kitu hapa.
"Mbona ile mara ya kwanza, ulipofungua faili langu,
hukuniomba?"

Nikatafuta jibu la kitabuni, likanikimbia.
Nikamwambia: hiki tunakuomba.
Kile tulikuwa tunadaiwa.
Ahadi ni deni, mzee,
na mtu hamwombi mdai wake ruhusa ya kulipa.

Akacheka, kikombe kikalia.
Hakutia saini. Aliikunja fomu mara nne,
akaitia mfukoni mwa shati
kama mimi na lile swali langu.
"Niache nilale nayo," akasema. "Nitakujibu Alhamisi.
Alhamisi si ndiyo siku yangu ya damu?"

Nikaitazama kadi ya manjano.
Ndiyo. Alhamisi.