Doa Dogo Kiasi Gani

Wiki yangu ya kwanza ya umeneja niliandika ubaoni
JITAHIDINI ZAIDI,
kwa wino mwekundu, nikapigia mistari miwili.
Helve, anayekunja shuka za hospitali hii ya Tartu
tangu mimi niko chekechea,
aliusoma ubao kama mtu asomaye tangazo la treni
ya mji asikokwenda,
akarudi mezani kwake.

Nilidhani uwazi ni sauti kubwa.
Nikasema ubora, nikasema kasi,
nikasema moyo wa kujituma,
na Genadi wa mashine ya mvuke akaitikia kila neno kwa kichwa,
kisha akaendelea kupunguza joto
kwa kuwa bili ya umeme ndiyo niliyoilalamikia juzi.
Shuka zikatoka na unyevu.
Nikamgombeza kwa unyevu.
Hakunijibu. Alivua glavu, moja, halafu ya pili,
akazilaza juu ya kikapu kwa upole
ulioniuma kuliko tusi.

Kaidi, mgeni, siku yake ya tisa kazini,
ndiye aliyeuliza mbele ya wote:
"Doa dogo kiasi gani ndilo doa?"

Mashine namba tatu inazunguka, inagonga.
Sikuwa na jibu.
Nilikuwa nimewakata posho kwa jambo nisilolijua.

Kesho yake nilifika saa kumi na moja, giza totoro,
theluji magotini. Nikavaa aproni ya mpira,
nikamwambia Helve: nifundishe.
Akanifundisha bila huruma.
Kona kwa kona, mkunjo uelekee ndani,
ili nesi wa usiku aifungue kwa mkono mmoja,
wa pili umemshika mgonjwa.
Miaka yote hiyo amekunja hivyo
na hakuna bosi aliyewahi kumuuliza kwa nini.

Tukaufuta ubao. Tukaandika upya,
Genadi kwa Kirusi, sisi kwa Kiestonia:
Doa unaloliona ukiwa umesimama, rudisha.
Mvuke usishuke chini ya alama ya bluu; bili ni ya meneja.
Za watoto wachanga kwanza, kabla ya saa mbili.
Ukikwama sema mapema, hutafokewa.
Huo wa mwisho Genadi alitaka niutie saini.
Nikatia.

Sidanganyi: hakuna aliyeanza kupiga mluzi kazini.
Kaidi bado huchelewa Jumatatu,
namba tatu bado inagonga,
na Februari nilifoka tena.
Helve aliinua kidole tu, akakielekeza
kwenye saini yangu.

Ila jana nilimpandisha Kaidi ghorofa ya nne
akaone zinakokwenda.
Kichanga cha saa sita kimelala, ngumi shavuni.
Hakukitazama sana. Aliinama kwenye pindo la shuka,
akapapasa mkunjo,
akanong'ona, "Hii yangu."

Pembeni, nesi alikuwa anafungua nyingine,
kwa mkono mmoja.