Saa za Chokaa

Fomu ina visanduku vinne.
Sunniva wa Bergen amejaza vitatu kwa wino wa buluu:
Kiswahili cha Kati, Historia ya Pwani,
Utangulizi wa Maendeleo.
Cha nne kitupu, na leo ndiyo mwisho.

Mimi ni Rukia wa ofisi ya juu, Mkomani,
mwenye muhuri na feni mbovu.
Wengi wamesimama hapo aliposimama,
kalamu mdomoni, wakiuliza lipi ni rahisi.
Yeye aliuliza: "Lipi litanichafua?"

Nikampeleka kwa Shekuwe Bunu.

Nyuma ya ukuta uliobomoka nusu
kuna shimo, na shimoni chokaa imelala
chini ya maji, nzito kama mtindi.
Hakupewa kitabu. Alipewa mwiko
na glavu mbili zisizofanana.
"Mawe yametoka tanurini jana. Tia maji, kisha simama mbali."
Mawe yakafoka, yakapasuka,
maji yakatokota pasipo moto,
na Sunniva, aliyefaulu kemia kwa alama za juu,
akaruka nyuma akicheka
kama mtu asiyewahi kusikia habari hizo.

Alasiri ile alirudi, nywele nyeupe kwa vumbi.
Akafuta Maendeleo.
Akaniomba niandike Chokaa.

Niliandika "Ufundi wa Majengo, kwa Vitendo,"
maana daftari la kwao halijui chokaa.
Mshauri wake akaleta barua:
saa ngapi za darasa? Saa ngapi za kujisomea?
Nikamfikishia Shekuwe. Akakuna kidevu.
"Chokaa hulala miezi sita ndipo ifae.
Saa hizo za usiku utaziandika wapi?"

Nikahesabu kwa vidole.
Muhula una wiki kumi na tano.
Chokaa yake itaamka
yeye akiwa kwao, kwenye theluji, ameshasahau neno mwiko.

Kwa hiyo alipaka ukuta kwa chokaa ya mwingine.
Juu ya ubao unaofunika shimo la pili
kuna jina lililochorwa kwa msumari: TARIK, SARAJEVO.
Huyo nilimkimbiza kwa simu muhula mzima,
na hadi leo nawadai walimu wake radhi
kwa insha ya kurasa nane isiyofika.
Lakini chokaa yake, asema Shekuwe,
ukiisugua baina ya vidole haina hata punje.

Mama yake Sunniva alipiga simu.
Nikajifanya napanga majalada.
Alinitafsiria baadaye:
"Tumekupeleka ng'ambo ukawe kibarua?"
Naye kajibu: "Ndiyo, na ada nimelipa."

Wiki ya mwisho ikaja fomu ya alama, A mpaka F.
Shekuwe akauliza F ni nini.
Nikamwambia: ukuta ulioanguka.
"Huu haukuanguka."
Akapitisha kiganja, kidaka hadi kidaka,
amefumba macho.
"Mkono una mato," akanena kwa Kiamu chake.
Karibu na mlango akasita. Akarudi. Akasita tena.
"Hapa alikuwa na haraka."

Nikaandika B.
Sunniva akapeleka vidole vyake pale pale,
akavizungusha,
akasema: "Ilikuwa siku ya mtihani wa Historia,"
na hakubishana.

Boti ya kwenda Manda ilimchukua Jumatano.
Ameacha glavu zimeanikwa, moja kulia, nyingine kulia,
na ubao wenye jina lake, herufi ya tatu imepinda.

Alhamisi nikafunga ofisi mapema.
Nikapita nyuma ya ule ukuta, nikainua ubao kidogo tu.
Maji yametulia. Chini yake, weupe.
Miaka kumi na mmoja nimegonga muhuri
kwenye saa za watu wengine.
Nikavua bangili, nikaitia kwenye mfuko wa buibui,
nikamwita Shekuwe nimuulize
kama zile glavu zina mwenyewe.