Chupa Mbili za Siprosa

Paketi ilisema: lita moja ya maji yaliyochemshwa.
Nyumbani kwetu Nyalenda hakukuwa na lita.
Kulikuwa na kasuku, mkebe ulioishiwa mafuta tangu Krismasi
ukabaki na ndege ubavuni;
kulikuwa na glasi moja, ua lake limefifia,
na jerikani la ishirini, ambalo ukiliomba moja
linakujibu kwa mzigo.

Ogola alikuwa na miezi kumi na minne.
Tangu magharibi alikuwa akimwagika
kama mfereji uliokatika mpira.
Analia, machozi hayaji.
Mama aliisoma paketi kwa mwanga wa koroboi,
kidole chini ya kila neno, kama Zaburi:
usizidishe, usipunguze.

Mimi, wa darasa la sita, nilijua yote.
Mililita elfu ni lita. Desilita kumi ni lita.
Nilipanda ngazi ile na kuishuka kwa sauti
mpaka Mama akanigeukia:
"Nionyeshe hiyo elfu. Iko wapi humu ndani?"

Tukajaribu. Chupa ya soda ni mia tatu;
tatu ni mia tisa, na ile mia iliyobaki
utaikata wapi kwa jicho la usingizi?
Kijiko cha chai ni tano, basi vijiko ishirini,
lakini mkono wa Mama ulitetemeka
na kila kijiko kililipa ushuru mezani.
Chupa ya kupimia maziwa, ile ndefu?
Muuzaji huapa kuwa ni robo tatu,
wateja husema Mungu anamwona.

Ndipo nikakumbuka, nikaogopa kusema.
Herufi ndogo kwenye karatasi ya chupa
niliyoiokota nyuma ya nyumba ya Siprosa:
mia tano.
Nusu, Mama. Nusu na nusu...

Hakungoja nimalize.
Peres Apondi, wa kitambaa cheupe na ngoma ya Jumapili,
aliyekuwa akivuka barabara
ili hata kivuli chake kisiguse mlango ule,
alijifunga leso saa saba za usiku
akaenda kubisha kwa muuza pombe.

Sijui walisemezana nini.
Nilisikia majivu yakisugua kioo, muda mrefu,
na maji yakitokota.
Siprosa alizileta mwenyewe, bado zinafuka mvuke,
akamimina maji yetu polepole,
akaweka kucha shingoni mwa chupa: "Mpaka hapa.
Hapa ndipo kiwanda huishia. Mengine haya
nisiyajue, lakini hili nalijua."

Mbili zikaingia sufuriani. Unga wa paketi ukafuata.
Mama akaonja, akampa Siprosa akaonja.
"Haijazidi machozi," Siprosa akasema.
Wakampokezana mtoto, kijiko baada ya kijiko,
mlokole na muuza pombe, hadi kulipokucha,
na kabla ya chai Ogola akaulowesha mkeka,
nao wakashangilia kojo lile kama goli.

Chupa hazikurudi kwake.
Zilikaa juu ya kabati, kando ya Biblia,
na mchungaji alipotutembelea, akazitazama,
akamtazama Mama, akazitazama tena,
Mama aliendelea kummiminia chai.
"Hiyo," akasema, "ni lita."